Mstari wa Juu kwenye Faili la Mama

Nilichoka kabla kazi yenyewe haijaanza. Walipotuita kwenye chumba cha mikutano kutuambia kwamba mafaili yote ya wagonjwa yatahamishwa kutoka mfumo wa zamani kwenda mfumo mpya, wenzangu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nauwaza mgongo wangu. Neno "kuhamisha" likitamkwa na mtu aliyekaa meza ya mbele na soda yake, ujue kuna mtu wa benchi la nyuma atakayebeba. Na kwenye hospitali yetu hapa Mpanda, kwa mambo ya kumbukumbu, mtu wa benchi la nyuma ni mimi, dada wa masjala.

Masjala yetu ni chumba kimoja chenye dirisha la kuongea na watu, kompyuta mbili, na feni inayozunguka pale inapojisikia. Mwezi wa kumi bati linawaka, vumbi jekundu linaingia hata ukifunga, na ukiinua kibodi uitikise unapata udongo wa kutosha kupanda mchicha. Hapo ndipo nimekaa miaka yangu yote ya kazi. Sijisifu, nasema tu ili ujue nilikuwa natazama kutokea wapi.

Kazi yenyewe niieleze kidogo, maana hata mume wangu hakuielewa mpaka nilipomwambia mara ya pili. Mfumo wa zamani ulikuwa unamhifadhi kila mgonjwa kwenye faili lake la maandishi matupu. Ukilifungua unakuta jina limewekwa kati ya alama mbili, moja ya kufungua na moja ya kufunga. Umri nao kati ya zake, kijiji kati ya zake, halafu mahudhurio, na ndani ya kila hudhurio kuna vipimo, na ndani ya kila kipimo kuna jibu. Vitu ndani ya vitu, kama sufuria zinavyopangwa dukani, ndogo ndani ya kubwa. Hizo alama tunaziita tagi. Mfumo mpya nao unataka tagi, ila za kwake, kwa majina yake na mpangilio wake. Kwa hiyo kazi ilikuwa kuyageuza mafaili kutoka umbo hili kwenda umbo lile bila kupoteza kitu. Ukiisikia hivyo unadhani ni ya wiki moja. Nami niliwahi kuwa mjinga hivyo.

Shida yetu ilikuwa kwenye jina.

Mfumo wa zamani ulikuwa na sehemu ya kuandika tahadhari za mgonjwa, lakini aliyeutengeneza aliificha mbali huko, ubofye na ubofye, tena uwe na nywila ya daktari. Kitu pekee kilichoonekana juu ya kila ukurasa kwa maandishi makubwa, na kilichochapwa kwenye karatasi ya kitandani, kilikuwa jina la mgonjwa. Basi manesi wetu, bila kikao wala waraka, wakaanza kuandika tahadhari kwenye jina. Jina la mtu, halafu: ANA KIFAFA. Jina la mtu, halafu: HASIKII, ONGEA UKIMTAZAMA. Mmoja aliandika kwenye mabano, mwingine akaweka nyota, mwingine akaanza na tahadhari ndipo jina likafuata. Nesi mgeni akija hospitali yetu, kitu cha kwanza anachoambiwa, kabla hata hajaonyeshwa choo, ni kwamba jina lisomwe mpaka mwisho.

Faili la mama yangu mzazi lilikuwa hivyo hivyo. Jina lake, halafu: ASICHOMWE PENISILINI, BINTI YAKE YUKO MASJALA.

Nusu ya kwanza ya maneno hayo ilitokana na jembe. Mama analima Katumba, mahindi na maharage, zamani na tumbaku pia, na mwaka mmoja alijikata mguu, kidonda kikavimba, homa ikampanda, bodaboda akamleta peke yake, akachomwa sindano. Hazikupita dakika nyingi uso wake ukaumuka, midomo ikawa siyo yake, pumzi ikawa ya kutafuta. Jamani, sitaki kuikumbuka siku ile. Nesi mmoja alimwokoa akiwa amepanda kitandani kwake kabisa, na mama alipotulia, nesi yule yule akaenda kwenye kompyuta akaandika kwenye jina. Leo nesi huyo ndiye metroni wetu.

Nusu ya pili aliiandika kwa sababu ya majina yetu. Wazee wetu sisi wa Katumba walitoka Burundi, na kwetu mtoto hapewi jina la baba wala la mama. Kila mtu ana lake, amepewa kwa jinsi hali ilivyokuwa alipozaliwa, na mara nyingi ni sentensi nzima ya Kirundi iliyounganishwa ikawa neno moja refu: Mungu ndiye ajuaye, au majirani wanasema sana, au tumepita mengi. Mama ana lake, marehemu baba alikuwa na lake, kaka zangu kila mmoja na lake. Karani akikuuliza jina la ukoo unamwangalia tu. Ukiyaandika majina ya nyumba yetu kwenye karatasi moja, mtu atadhani ni abiria wa basi la Tabora. Tena mama homa ikimpanda, Kiswahili kinamtoka chote, anabaki na Kirundi. Siku ile ya sindano walimuuliza ndugu zake wako wapi, hakuelewa, nami nilikuwa chumba cha pili nahesabu mafaili. Nesi alikasirika sana alipojua. Ndiyo maana akaandika.

Mtaalamu alitumwa kutoka Dodoma. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, koti lake halivui hata jasho likimchuruzika, na tumbo lilimsumbua tangu siku aliyokula samaki wa migebuka stendi. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lilinichosha zaidi. Mtu mbaya unamgombeza, moyo unapoa.

"Dada, wewe usiwe na wasiwasi," aliniambia. "Zana ninayo. Huandiki hata mstari mmoja."

Zana yake ilikuwa programu nzuri, siwezi kusema uongo. Kushoto inakuonyesha faili la zamani, kulia faili jipya, na wewe unavuta mstari kwa kipanya kutoka kisanduku cha huku kwenda kisanduku cha kule. Jina liende kwenye jina, umri kwenye umri. Ukimaliza kuvuta unabonyeza kitufe cha kijani, mafaili yanageuka mbele ya macho yako. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wetu, alikuja kuangalia akasema hii ndiyo teknolojia. Mimi pia niliipenda, ningeipenda mpaka leo.

Tukachagua mafaili machache ya majaribio. La mama nililiweka humo kwa makusudi, wala sikumwambia mtu. Kitufe cha kijani kikabonyezwa, feni ikaamua kuzunguka, nikalifungua faili la mama kwenye umbo lake jipya.

Jina lilikuwa jina. Herufi kubwa mwanzoni, safi, limepangwa. Baada yake, hakuna kitu.

"Umeona ilivyo safi?" mtaalamu akasema, furaha imemjaa.

"Ile ya mbele imeenda wapi?"

"Ipi, dada?"

"Baada ya jina palikuwa na maneno."

Akaangalia. Akafungua la zamani, akasoma, akacheka kidogo, siyo kwa dharau. "Ah, hii programu inasafisha. Ikikuta kwenye jina kitu kisicho jina, inakitupa. Na kisanduku ambacho hukukivutia mstari, nacho inakiacha. Ndiyo kazi yake."

"Na haisemi kwamba imetupa?"

"Iseme ya nini? Ni uchafu."

Nikavuta kiti, nikakaa. Uchafu! Nilitaka kumwambia mengi, lakini nilikuwa nimechoka na joto, na kusema kweli hoja yake ilikuwa na kichwa na miguu. Jina ni jina. Tahadhari inatakiwa kukaa mahali pa tahadhari, na mfumo mpya unapo, pazuri tu, pekundu, panaonekana. Tatizo ni kwamba maneno ya manesi hayakuwa hapo. Yalikuwa kwenye jina, na kati ya kwenye jina na hapo pekundu palikuwa na programu inayosafisha.

Nikamwita metroni. Alikuja na glovu moja bado mkononi, akasoma skrini ile mpya, akasoma tena. Metroni ni Mfipa, hana maneno mengi, lakini akianza kuvuta pumzi kwa pua ujue mambo yameharibika.

"Nyie mnataka kuniulia wagonjwa," akasema.

"Hapana, metroni, hatujahamisha bado, ni majaribio," mtaalamu akajibu haraka.

"Basi jaribuni tena."

Akajaribu tena, masikini. Alikaa na zana yake akaiwekea kanuni: jina likizidi urefu fulani, au likiwa na neno refu kupita kawaida, kile kilichozidi kisitupwe, kiende kwenye tahadhari. Wazo zuri. Kwa watu wa mikoa mingine labda lingefaa. Lakini kwetu, jamani! Watu wa Katumba na Mishamo, wote wenye asili ya Burundi, majina yao ni sentensi. Tulipobonyeza kijani, mzee mmoja wa Mishamo, mgonjwa wetu wa presha, akabaki na jina la ubatizo peke yake, na jina lake mwenyewe, alilopewa na baba yake, likawa linawaka kwa rangi nyekundu chini ya neno TAHADHARI. Na siyo yeye tu. Kijiji kizima kikageuka hatari.

Metroni alisoma lile jekundu taratibu, kisha akanigeukia. "Hiki Kirundi kinasemaje?"

"Kinasema Mungu anaona."

"Basi ni tahadhari kweli," akasema, na hapo tukacheka wote watatu mpaka mtaalamu akavua koti. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona bila koti. Lakini kicheko kilipoisha, tatizo lilikuwa palepale.

Nami nilijaribu ya kwangu, ile ya kienyeji ambayo kila mtu anaijua: tafuta neno hili, weka lile. Niliiambia kompyuta kila penye tagi ya jina iweke tagi mpya ya jina la mgonjwa. Nilisahau kwamba dawa nazo zina jina, na zimefungwa kwa tagi hiyohiyo ndani kule kwenye mahudhurio. Panadol ikawa mgonjwa wetu, haijulikani imezaliwa lini. Nikafuta haraka kabla mtu hajaona.

Basi nikakumbuka chuo. Nilisomea Tabora, utunzaji wa kumbukumbu, na palikuwa na mwalimu mmoja aliyekuwa akitufundisha lugha ya kanuni za kugeuzia mafaili ya aina hii, somo ambalo darasa zima lilikuwa likisinzia. Humo huvuti mstari wala hubofyi. Unaandika kanuni, moja moja: ukikutana na tagi hii, fanya hivi. Inachosha kuandika, inachosha zaidi kuisoma, na kompyuta inaitekeleza ikijikokota. Lakini ina jambo moja ambalo zana ya mtaalamu haikuwa nalo. Kanuni ya kwanza kabisa, ile ya chini inayobeba nyingine zote, unaweza kuiandika hivi: kila unachokutana nacho, kinakili kama kilivyo. Ndipo unaongeza zako, badilisha hiki, hamisha kile. Usichokitaja hakitupwi. Usichokielewa kinapita salama.

Nilipomwambia mtaalamu alinitazama kwa huruma. "Dada, hiyo siku hizi anaitumia nani?"

"Mimi."

"Nitakuachia kitu ambacho wewe ukiugua hakuna mwenzako wa kukigusa. Tena polepole hivyo, na kompyuta zenyewe ndizo hizi. Na kule juu wataniuliza kwa nini jina la mtu lina penisilini. Niwajibuje?"

Yote aliyosema yalikuwa kweli. Siku hizo nilikuwa nimechoka kiasi kwamba ukweli wa mtu mwingine nao ulikuwa mzigo. Nilikuwa nafika nyumbani nasoma vibao vya maduka natafuta alama ya kufunga. Mume wangu akiniuliza kitu najibu kingine. Nikawa najiambia, mwache avute mistari yake, wewe unajua ya mama yako, utaiandika kwa mkono upya, faili moja tu, kazi imekwisha. Wazo hilo lilinijia mchana nikila, nikaona ni zuri sana. Halafu nikamkumbuka yule wa HASIKII, ONGEA UKIMTAZAMA, maana simjui ni nani, wala sijui ana nani masjala.

Nikarudi. Nikalifungua faili la mama, la zamani, nikageuza skrini upande wa mtaalamu.

"Huyu ni mama yangu," nikasema.

Akasoma. Akaangalia jina la mama, akaangalia kitambulisho changu kinachoning'inia shingoni, akarudi kwa mama. Majina hayafanani hata herufi ya mwanzo.

"Huyu?"

"Huyo. Na binti yake aliyeko masjala ni mimi. Ukilisafisha hilo jina, kwenye mfumo wako mama hana mtu."

Nje mtu alikuwa anagonga dirisha anataka kadi yake, nikamwambia asubiri. "Ungeniambia tangu mwanzo," mtaalamu akasema.

"Kwani wengine humo hawana watoto?"

Akachukua simu akatoka nje, akasimama chini ya kivuli cha tangi la maji, akaongea na wenzake wa Dodoma muda mrefu, mkono mmoja tumboni. Mfumo mpya ulikuwa umeweka kikomo cha herufi kwenye jina, na bila kukiongeza hata kanuni zangu zisingesaidia, maneno yangekatwa mlangoni. Aliporudi alikuwa amechoka kama mimi. "Wameongeza," akasema. "Ila wamesema ni kwa muda. Awamu ya pili watayasafisha majina yote."

"Awamu ya pili lini?"

"Dada, mimi nitajuaje?"

Tukafanya kwa kanuni zangu, majina yabaki na maneno yake, maana kuyapeleka kwenye tahadhari moja moja kwa mkono kulihitaji watu ambao hatukuwa nao. Sitaeleza yote, hata mimi sipendi kuyakumbuka. Umeme ulikatika katikati, mara kadhaa, tukaanza upya kila mara, maana sikuwa na imani na kilichoishia njiani. Mvua ya kwanza ilipiga bati mpaka tukawa tunaongea kwa ishara. Mtaalamu alisoma kanuni zangu moja baada ya nyingine, akanirekebisha penye makosa, na yalikuwapo, maana kuna mahali nilikuwa nimegeuza tarehe vibaya na bila yeye wajawazito wote wangejifungua kabla hawajapimwa. Nilimshukuru. Alipanda treni ya Tabora na mfuko wa asali niliomnunulia sokoni, na koti amelibeba begani.

Kazi ilipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Mfumo mpya ukaanza, na malalamiko siku hiyohiyo. Majina marefu yalikuwa yanavuka mstari yanafunika tarehe. Madaktari wakasema yanakera macho. Mganga mfawidhi akanisimamisha koridoni akaniambia, kwa upole lakini kwa sauti ya kikao, kwamba nimeleta takataka za zamani kwenye nyumba mpya, ila hamna shida, awamu ya pili tutafagia. Nikasema sawa, daktari. Nilikuwa sina nguvu ya kusema kingine. Nikarudi kukaa kwenye kiti changu, nikawa kila asubuhi nafungua barua pepe nikiiogopa hiyo awamu ya pili, na kila asubuhi haijafika.

Mama aliugua mvua ilipokuwa imeshika hasa. Sikujua. Katumba mtandao ulikuwa umekatika, na mama naye ni mtu wa kusema ni mafua tu mpaka adondoke. Jirani alimkuta ndani haongei maneno ya kueleweka, anapumua kwa shida, wakamweka katikati kwenye pikipiki, dereva mbele, jirani nyuma amemkumbatia, wakaja naye na tope hadi kichwani. Jirani mwenyewe alikuwa mgeni pale kijijini, ametoka Kapalamsenga kuolewa. Alijua jina la mama basi, hajui ana watoto wangapi wala wako wapi. Alidhani mtoto wake wa kike yuko Dar.

Mimi wakati huo niko masjala, ukuta mmoja tu katikati, nabishana na mtu aliyepoteza kadi.

Nesi aliyempokea alikuwa hajamaliza hata mwezi kwetu, binti wa kutoka Mtwara, hamjui yeyote. Aliyoyaona yeye yalikuwa wazi: mama mtu mzima, homa kali, kifua kimeziba, haongei. Daktari alipita akasema aanzishiwe penisilini upesi. Akachanganya dawa kwenye kichupa, akaivuta kwenye bomba la sindano. Lakini mfumo mpya unataka dawa iandikwe kwenye faili la mgonjwa kabla haijachomwa, kwa hiyo akaandika jina kama jirani alivyomtajia, na faili likafunguka. Baadaye alinisimulia mwenyewe. Alisema aliliona jina refu likivuka mstari likifunika tarehe, akasema moyoni, hawa watu wa huku majina yao! Halafu akakumbuka alichofundishwa siku ya kwanza, kwamba hapa jina linasomwa mpaka mwisho.

Nilichosikia mimi ni viatu vinakimbia koridoni. Dirisha likagongwa kwa kiganja.

"Hapa masjala nani ana mama yake Katumba?"

Nilikuwa nimeshasimama kabla hajamaliza. Sindano ile bado alikuwa nayo mkononi, ameishika mbali na mwili wake kama kitu kinachouma. Nilipoiona nikajua ni mama, nikajua na ni mstari upi.

Walimpa mama dawa nyingine. Niliongea naye Kirundi usiku na mchana, wala sijui kama alikuwa ananisikia, nilimweleza mpaka mambo ya feni. Metroni alikuja, akavuta pumzi kwa pua, akaiangalia ile karatasi ya kitandani yenye jina refu, akainyoosha, akarudi kwa wagonjwa wake. Nililia chooni, nikanawa, nikarudi. Uchovu wa miezi yote ile ulinishukia pale pembeni ya kitanda, nikalala nimekaa, mdomo wazi, watu wanapita.

Siku Kiswahili kilipomrudia, mama alikunywa uji kidogo, akaniangalia muda mrefu kwa macho yake ya kukagua.

"Umekonda," akasema.

"Kazi, mama."

"Kazi gani hiyo ya kukaa kwenye kiti?" Akameza tena kijiko kimoja. "Yule binti wa sindano, alijuaje kuwa wewe ni wangu? Jirani hakujui. Mimi nilikuwa siongei."

"Imeandikwa."

"Wapi?"

"Kwenye jina lako. Ukilisoma mpaka mwisho, mimi nimo."

Akaacha kijiko. Nikamwonyesha ile karatasi ya kitandani. Mama hasomi vizuri, kwa hiyo nilimpitishia kidole chini ya kila neno, jina, sindano, binti, masjala. Alirudia neno binti kwa sauti ndogo. Nikamwambia pia, kwa vile nilikuwa nimechoka kuficha, kwamba kuna watu wanataka kuyafupisha majina, wanasema ni uchafu, na siku yoyote watafuta yote yaliyozidi.

Mama alizaliwa njiani, wakati wazazi wake wanakimbia kuja huku. Jina lake linasema hakuna ajuaye tuendako. Sijawahi kumsikia akililalamikia, wala akilipenda.

"Lile la kwanza nilipewa watu wakikimbia," akasema. "Hakuna aliyekaa chini akalifikiria. Hili wamelikalia wakalifikiria." Akanirudishia bakuli la uji. "Waambie nimelipokea. Wasilikate."

Nilimfunika, nikapita koridoni kurudi masjala. Feni ilikuwa imesimama. Kwenye kompyuta barua pepe ya awamu ya pili ilikuwa imefika, fupi, ya heshima, inauliza kama kwenye hospitali yetu kuna majina yenye makosa yanayohitaji kusafishwa, na ni mangapi. Nikakaa, nikapangusa vumbi kwenye kibodi, nikaandika: hakuna.